Nilichokikuta Kwenye Begi la Sakiusa

Jamani, mke wangu mwenyewe alikuwa ananishindilia kikombe mdomoni... na Sakiusa, mwanaume niliyemchukia kuliko wote hapa Nausori, amenibana mikono kwa nyuma!

Nikajua leo wananinywesha sumu, kwenye sherehe ya mwanangu.

Ngoja nianze mwanzo.

Sakiusa ni tavale wangu, mtoto wa mjomba. Kwetu Fiji matavale ni kutaniana mpaka basi, na akichukua kitu chako humwiti mwizi.

Tulianza jimu pamoja. Mwaka jana kwenye mashindano ya misuli kule Suva yeye akawa wa kwanza, mimi wa tano.

Hilo nilimeza. Lakini Mereani, mke wangu, alimpigia makofi mpaka machozi yakamtoka!

Mimi, Inoke, nilipopanda jukwaani alipiga matatu. Nilihesabu.

Mereani ni nesi zahanati ya mtaani. Tangu hapo nikawa nawafuma wakinong'ona. Nikitokea, kimya. Wivu ulinitafuna hadi nikawa nakagua hata soksi zilizoanikwa.

Alhamisi moja nikapekua begi la Sakiusa jimu. Chini ya taulo nikakuta kalamu mbili za kujidunga insulini...

Kumbe! Nilishasikia vijana wakisema insulini inajaza misuli. Siri yake ndiyo hii! Nikabeba moja. Tavale si tavale?

Jumamosi nikajidunga. Tumbo tupu, maana nilikuwa nakata mafuta kwa ajili ya mashindano.

Muda si mrefu wageni wakaja, mwanetu anatimiza mwaka. Tukaketi mkekani tunakunywa yaqona, ile ya mizizi inayotia ganzi mdomo.

Mikono ikaanza kutetemeka. Jasho la baridi, moyo mbio. Nikaongea kitu, hata mwenyewe sikukielewa.

Mkeka mzima ukacheka. Mjomba akasema yaqona imenizidi, nilazwe nipumzike. Hata mimi nilidhani hivyo.

Ndipo nikawaona. Mlango wa jikoni, Sakiusa na Mereani, vichwa vimekaribiana...

Nikainuka nimpige Sakiusa. Ngumi ikapiga hewa, nikaanguka.

"Mwacheni alale," mjomba akasema.

"Akilala hivi haamki," Sakiusa akajibu. Akanikalisha, akanibana.

"Meza, baba Seru," Mereani alikuwa analia. "Ni juisi. Meza."

Nikamtukana.

"Matusi baadaye, tavale," Sakiusa akaniambia sikioni. "Kunywa kwanza."

Nikanywa. Wakasubiri kidogo, wakaniongeza kikombe. Polepole sura za watu zikarudi mahali pake. Nikalishwa mihogo, nikakimbizwa hospitali, nikalazwa mpaka kesho yake, maana insulini huendelea kushusha sukari kwa saa nyingi.

Asubuhi Sakiusa alikaa pembeni ya kitanda, akafunua fulana. Tumbo lake lina alama ndogo ndogo za sindano.

"Nina kisukari, mwaka wa tatu huu," akasema. "Mkeo ndiye aliyenipima. Nilimwapisha asimwambie mtu. Jana pale mlangoni nilikuwa namuuliza kama kalamu yangu umeichukua wewe."

"Si ungeniuliza mimi?"

"Tavale anaulizwa?"

Nilitamani kitanda kinimeze.

Ndugu zangu wa jimu, insulini ni dawa ya mgonjwa, anayepimiwa na daktari. Ukijidunga kutafuta misuli, unaweza kufa huku watu wanacheka wakidhani umelewa. Ukimwona mtu anatetemeka, jasho linamtoka na maneno hayaeleweki, kama anaweza kumeza mpe kitu chenye sukari, kisha hospitali. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, ita gari la wagonjwa.

Na yale makofi ya Suva?

Nilimuuliza Mereani tukiwa njiani kurudi nyumbani. Akaniambia alikuwa ndiye mtu pekee ukumbini aliyejua kwamba aliyeshinda ni mgonjwa.

Mwaka mzima nilimwonea wivu mgonjwa, mpaka nikamwibia dawa.