Filamu Iliyofuliwa kwa Sabuni

"Jua ni la Mungu, Mama Leonida, sikatai. Lakini hili mnalonirushia machoni tangu asubuhi ni la kwenu. Liondoeni."

Priscah alisimama upande wake wa ua, mkono mmoja kiunoni, mwingine umekinga uso. Orpah, mfinyanzi anayejulikana hadi nje ya Kendu Bay, hakugeuka. Alikuwa ameshika bati jipya kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mlango.

"Vumilia kidogo, jirani. Tunapiga picha vyungu."

"Vyungu? Sisi watu hatujapigwa picha, vyungu vimetangulia?"

Leonida, binti yake Orpah, aliinamia kamera na kuuma meno. Alikuwa darasa la sita, na asubuhi yote hakuna kilichokwenda sawa. Chama cha akina mama cha Homa Bay kilikuwa kikichagua vyungu vya kupeleka kwenye maonyesho ya Kisumu. Kwa kuwa vyungu vingi huvunjika njiani, walitaka kwanza picha. Mama yake alikuwa amengoja nafasi kama hiyo tangu kabla ya Uhuru.

Vyungu vile vilikuwa vyeusi. Mbele ya ukuta wa udongo vilipotea kabisa. Leonida akatundika shuka jeupe nyuma yake, upepo ukalipepea. Jua likaangaza upande mmoja wa chungu, upande wa pili ukabaki giza kama jiko lisilo na dirisha. Ndipo wakaleta bati liurudishe mwanga. Mama akapaka chungu mafuta king'ae kama bibi harusi, kikang'aa mno mpaka ua lililochorwa shingoni mwake halikuonekana. Wakakifuta kwa majivu. Hapo kuku akaja kusimama mbele ya lenzi, na alipofukuzwa, wingu likafunika jua. Sasa Priscah naye.

"Mama, inua bati. Hapana, umeinua sana. Jua limemwendea Mama Zadock tena."

"Nimesikia jina langu," Priscah alisema. "Semeni yote, nipo hapa."

Jioni filamu ilikwisha. Kamera ilikuwa ya Bwana Hemed, mwenye duka la picha mjini. Alikuwa amemuuliza Leonida kama anajua mambo ya kamera, naye akajibu "Najua" kabla swali halijafika mwisho. Hemed akamwonyesha kitufe cha kubonyeza, akasema, "Ukimaliza, filamu itaoshwa, ndipo tutaona ulichopiga."

Kuosha ni nini cha kumshinda msichana anayefua nguo za nyumba nzima? Siku iliyofuata, mama alipokwenda kuchimba udongo, Leonida alifungua kamera, akaitoa filamu, akaitia kwenye karai la maji na kipande cha sabuni. Aliisugua polepole, kwa heshima. Utelezi wa filamu ukamjaa mkononi kama uji. Akaianika kambani, akangoja vyungu vijitokeze. Filamu ilikauka, nayo ilikuwa tupu kama kioo cha dirisha.

 Aliikunja akaificha ndani ya kamera. Mama aliporudi na kukuta kifuniko kimelegea, alimuuliza nani amekigusa. Jibu likamtoka Leonida lenyewe.

"Nilimwona Mama Zadock akitoka uani kwetu."

Orpah hakuhitaji zaidi. Alibeba mtungi wake akaenda ziwani, na kabla mtungi haujajaa, wanawake wote walikuwa wamepata habari kwamba Priscah amefungua kamera ya watu kwa wivu. Habari ya namna hiyo haihitaji miguu. Sokoni, waliokuwa wakinunua samaki wa kukaanga wa Priscah walianza kupita mbele ya meza yake wakitazama juu, kana kwamba mbinguni kuna tangazo. Leonida alimwona akifunika samaki wasionunuliwa, na jioni hakumaliza chakula.

Ijumaa mama alimchukua hadi kwa Hemed. Alianza kusimulia kabla hajaketi.

"Jirani yangu, Bwana Hemed, ana jicho baya. Tunapiga picha, yeye anagomba. Tunageuka, yeye anafungua kamera."

Hemed aliitoa filamu, akaipitisha kati ya vidole, akainusa. Akainusa tena.

"Huyu jirani anafua nguo?"

"Kila mtu anafua."

"Basi amefua na hii. Inanukia sabuni." Alimgeukia Leonida. "Binti, nani ameifua?"

Leonida alitazama vidole vya miguu yake. "Wewe ulisema ioshwe," alisema kwa sauti ndogo.

Hemed alianza kucheka, lakini alipoona uso wa Orpah alikimeza kicheko. Akaeleza kwamba kuosha picha si kufua. Filamu huoshwa kwenye chumba cha giza, kwa dawa. Ikiona jua tu kabla ya dawa, imekwisha, hata bila sabuni.

"Kosa la neno tugawane," alisema. "Nilisema kuosha nikadhani unajua, nawe hukuuliza. Kuuliza si ujinga, binti. Filamu nyingine nitakupa. Lakini jina jema la kumrudishia jirani yenu sina hapa dukani."

Kutoka dukani Orpah hakupita nyumbani. Walikwenda moja kwa moja kwa Priscah. Leonida alipofungua mdomo, Priscah alimzuia.

"Usiniambie mimi. Mimi najua sikufanya. Kaseme kule wasikojua."

Kesho yake asubuhi, ziwani, mitungi ilikuwa imejaa maji, lakini wanawake walikuwa bado hawataki kwenda. Leonida alisema kweli yote, ila hakuna aliyemsikia.

"Sauti, mtoto," Monicah, muuza dagaa wa omena, alimwambia. "Uongo ulitufikia bila kuitwa, kweli nayo isinong'one."

Akarudia, machozi yakimshuka. Kisha Orpah akasema, "Na mimi ndiye niliyeueneza bila kuuliza. Nisameheni, na Mama Zadock anisamehe."

Jumamosi hiyohiyo walitundika shuka tena. Orpah alikuwa akihangaika na bati peke yake, Priscah akavuka ua, akashika upande wa pili.

"Afadhali nilishike mwenyewe," alisema, "macho yangu yapone."

Safari hii Hemed aliziosha picha gizani, kwa dawa zake, na vyungu vikatokea vyeusi, vyenye shingo na maua yake. Chama cha Homa Bay kilivichagua.

Siku habari ilipofika, Priscah alikuja kuangalia picha. Orpah alimweka Leonida mbele yake.

"Mwanangu, usichokijua kiulize, utaona haya dakika moja. Lakini ukificha kosa lako nyumbani kwa jirani, utachoma nyumba yake na yako. Na sisi wakubwa tusibebe neno kabla ya kulipima."

"Nimesikia, Mama."

Priscah alirudisha picha, akaanza kujifunga kanga aondoke.

"Unakwenda wapi na ugali uko mezani?" Orpah alimuuliza. "Leonida, lete maji anawe. Ingia, Mama Zadock, ingia tule."