Jezi Zilizongoja Ushindi

Foleni ya duka la jumla la nywele, pale katikati ya Johannesburg, ilikuwa imejikunja hadi nje karibu na robot, zile taa za barabarani, lakini katikati yake palikuwa na pengo. Murielle, binti wa Lubumbashi, msusi, alikuwa ameacha mteja saluni, kichwa kimesukwa nusu. Akajipenyeza pale penye pengo. Ndipo harufu ikamkamata shingoni.

Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, begi begani.

"Kaka, umebeba nini humo? Maiti?"

"Jezi. Na glavu. Mimi ni golikipa."

"Kwenu hakuna maji?"

"Maji yapo. Ushindi ndio hatuna."

Akajieleza foleni ikisogea. Aliitwa Kamande, Mkenya, anasomea umeme katika chuo kidogo kule Randburg. Chuo kilikuwa kimeanzisha timu ya mpira mwaka huo huo. Walipofungwa mechi ya kwanza, nahodha wao Évariste aliwaapisha wote kwamba jezi hazifuliwi mpaka washinde. Walikuwa wamefungwa mechi tano.

"Na mtu mzima kama wewe ukakubali," Murielle akasema kupitia kilemba alichojibana nacho pua.

"Niliapa, dada."

Alitaka kutema mate. Lakini kijana alimbebea mizigo yake ya nywele hadi saluni, na njia nzima alitembea upande ambao upepo ulipeleka ile harufu mbali naye. Murielle aliliona hilo. Likamkaa moyoni.

Basi simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Mmefungwa?"

"Nne."

"Umeoga?"

"Mara mbili."

"Begi liko wapi?"

"Nje ya dirisha."

"Basi nakupenda. Lakini kwa simu."

Mwenye saluni aliitwa Mamie. Hapa Johannesburg ndiye aliyesimama kama mama wa Murielle. Asipokubali yeye, hakuna ndoa. Akamwita Kamande Jumapili nyumbani kwake Kensington. Murielle alivaa kitenge cha rangi ya bizari, kimembana kiunoni, akapika sombe, majani ya muhogo, na samaki. Kamande akatokea mechini moja kwa moja, amenyoa, ananukia marashi. Ila begi aliogopa kuliacha nje lisiibiwe, akalificha nyuma ya mlango.

Hata samaki hawajagawanywa, mchungaji aliyealikwa na Mamie akaweka kijiko chini. Shangazi mmoja akakimbilia dirisha.

"Murielle," Mamie akasema taratibu, "kuna panya ameoza humu."

Kamande akasimama. "Si panya, mama. Ni mimi."

Mamie akasikiliza habari ya kiapo mpaka mwisho. "Na ukioa, mtoto akikojoa kitandani, mtangoja nini ndipo mfue?"

Hakuna aliyecheka. Murielle aliondoa sahani huku uso unamwaka. Kisha akalichukua lile begi, akajifungia bafuni. Glavu zilikuwa na ukungu wa kijani. Soksi zilisimama zenyewe. Jezi namba moja ilimng'ang'ania vidole kama ugali uliochacha. Akafua hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa anampenda.

Jumamosi iliyofuata Kamande akafungwa saba. Jioni akapiga simu.

"Wanasema umefua bahati yangu."

"Na weye unasema nini?"

Kamande akaanza kumhesabia mabao.

"Kamande."

"Ungeniuliza kwanza, Murielle."

Murielle akakata simu. Kinyaa kilichompata hapo hakikuwa cha puani, na hicho sabuni haikitoi. Mwanamume mzima anawaachia wenzake wamtukane aliyemfulia. Wiki tatu simu iliita, hakupokea.

Siku ligi ilipokwisha, wateja wa saluni walitoka mbio na kofia zao za plastiki kichwani. Kamande alikuwa mlangoni na magunia mawili ya jezi.

"Mmeshinda?" Murielle akauliza, pua ameibana.

"Tumefungwa mbili. Hatukushinda hata moja, mwaka mzima."

"Basi hazifuliwi."

"Nimewaambia leo, Évariste akisikia. Nimesema hatukufungwa na sabuni. Tulifungwa kwa sababu wao hawakimbii na mimi golini navuja kama tenga. Nikasema mwanamke niliyemwacha atukanwe ana akili kuliko timu nzima. Wakanizomea. Nimezichukua zote."

"Eish. Mimi sifui."

"Sijakuomba kufua. Naomba bomba."

Mamie, kitana mkononi, akamwonyesha ua wa nyuma.

Maji ya kwanza yalitoka meusi, na majani, na kitu ambacho hakuna aliyetaka kukijua. Kamande akatapika pembeni, akafuta mdomo, akaendelea.

"Nisamehe," akasema akiwa ameinama. "Nataka kukuoa, Murielle."

"Mbele ya uchafu huo? Suuza kwanza."

Akasuuza. Maji yakawa kama ya kuoshea vyombo.

"Murielle..."

"Suuza tena."

Mara ya tatu sakafu ya beseni ikaonekana. Kamande alibaki amechuchumaa, vidole vimekunjamana. Murielle akaokota jezi namba moja, akainusa kwapani, polepole, kama anayetarajia kuumwa. Kisha akaushika mkono wa Kamande, nao akaunusa.

"Jumapili," akasema. "Mamie atapika samaki wengine. Na lile begi ulichome moto."