Ubavu wa Mgeni

Uji wa boga ndio uliotangulia kuoza.

Mama Boram aliupika mwenyewe asubuhi ile, kwa boga lililokomaa na unga wa mchele wa kunata, kwa kuwa hapo Seoul hakuna mzazi asiyejua kwamba boga huteremsha uvimbe wa aliyepasuliwa. Alikuwa muuza vitoweo sokoni, mwanamke ambaye kwa kunusa tu aliweza kukwambia kimchi ya jirani, ile kabichi ya chumvi na pilipili, imekolea lini na itachacha lini. Uji ule aliuonja jikoni, akauona mtamu, ndipo akaupeleka chumbani.

Boram, binti yake wa pekee, alikuwa ameegemea mito, maana alikatazwa kulala kichwa chini. Uso ulikuwa umemuumuka kama unga uliotiwa hamira, chini ya macho zambarau ilikuwa ikigeuka manjano, na pua imefunikwa gamba gumu la plastiki. Jana yake daktari alimchomoa pamba za puani, utepe mmoja mrefu kila tundu, mwekundu, wenye utelezi, uliotoka na kutoka kama utumbo wa samaki. Sasa aliinamia bakuli, akavuta pumzi ndefu, akalisukuma kando.

“Nimeshiba.”

“Umeshiba nini, na kijiko hujakigusa?”

“Nimeshiba tu, Mama.”

Mama Boram hakuwa mtu wa kumwaga chakula. Aliutia uji ule kinywani mwake, na papo hapo akautema kiganjani. Ulikuwa ukivutika kama kamasi, nao ulinuka tambara la vyombo lililosahauliwa ndooni. Alisema moyoni kwamba boga lilikuwa bovu. Lakini ulimi wake ulijua alichokionja jikoni.

*

Pua aliyozaliwa nayo Boram ilikuwa ya marehemu baba yake: pana, bapa, laini nchani kama uyoga. Mama Boram aliipenda. Tangu mumewe azikwe, kila binti alipocheka, pua ile ilitanuka vilevile ilivyotanuka ya mumewe, na nyumba ikapata mwanamume kwa muda wa kicheko kimoja. Lakini Boram alitaka kuwa mhudumu wa ndege, na alikuwa amekwisha kukataliwa katika usaili.

“Wanasoma uso kwanza, Mama. Cheti wanakisoma uso ukiwapendeza.”

Basi alipohitimu chuo, mama alimpa zawadi ambayo wazazi wengi wa mtaa ule huwapa binti zao. Walikwenda kwa Daktari Pyo, mtu wa vidole vyembamba na sauti ya upole.

“Mgongo wa pua tutauinua kwa silikoni,” alisema. “Ncha inataka gegedu, ule mfupa mwororo. Naweza kulichukua ubavuni mwake, ila litabaki kovu chini ya titi. Au tutumie ubavu wa mtu mwingine.”

“Mtu gani?”

“Marehemu aliyejitolea, mama. Limesafishwa, limekaushwa, limepigwa miale. Linakuja ndani ya pakiti.”

“Anaitwa nani?”

“Haliji na jina.”

Boram alicheka. “Mama, kwani kuku wa supu huwa unamuuliza ukoo?”

Daktari naye akacheka, na Mama Boram akaona aibu ya ushamba wake. “Nilimzaa hana kovu,” alisema. “Usimkate mara mbili. Tia hilo la pakiti.”

Ni yeye aliyelichagua. Hilo hakulisahau.

*

Gamba lilipobanduliwa, watu walisema pua imetoka vizuri. Ilikuwa imenyooka, nyembamba, imeinuka kwa adabu. Boram alijitazama kwenye kioo akalia kwa furaha, na chozi lilipofika pembeni mwa tundu la pua halikudondoka: lilinyonywa ndani.

Mama Boram aliliona. Akaendelea kumsafisha kwa kijiti cha pamba, kama alivyofundishwa, akiyalainisha maganda ya damu kwa dawa na kuyachokonoa moja baada ya moja. Chini ya maganda kulikuwa na ute wa rangi ya haradali. Uliambatana na kijiti, ukarefuka, ukakatika, na nusu yake ikarudi ndani upesi, kama ulimi wa kinyonga.

Alimpigia daktari simu.

“Harufu ni jambo la kutarajiwa,” alisema Daktari Pyo. “Ute, maganda, kichefuchefu kidogo. Ncha itakuwa ngumu kama jiwe kwa miezi kadhaa, kisha italegea. Asipenge, asivae miwani, asiguse pombe.”

“Na chakula kuoza mbele yake?”

“Hilo ni la friji yako, mama.”

Lakini halikuwa la friji. Mama Boram aliketi mezani akatazama. Mvuke wa wali ulipanda wima, kama mvuke wote duniani. Ulipofika usawa wa uso wa Boram ukajipinda, ukawa nyuzi mbili, ukaingia. Chini yake punje zikapoteza weupe, zikalainika, zikashikamana. Boram alifumba macho kama mtoto anyonyaye.

“Zuia pumzi,” mama alimwambia kwa sauti ya chini.

“Kwa nini?”

“Zuia tu, mwanangu.”

Boram alizuia. Kifua kilitulia. Pua iliendelea kuvuta, polepole, kwa mkwaruzo wa majimaji, kama mtu anywaye supu nzito nyuma ya ukuta. Ilivuta, ikavuta, wala haikutoa.

Waliangaliana. Boram akaondoka mezani akaenda kujifungia chooni, na humo mama yake akamsikia akitapika. Lakini tangu apasuliwe hakuwa amekula kitu cha kutapika.

Dukani mambo yaliharibika. Boram alikuwa amepita siku moja kumsaidia kufunga, akainamia mitungi, na kesho yake figili zote zilikuwa zimefanya ukungu wenye manyoya. Mama Duri, jirani muuza samaki, alikuja ameziba pua kwa aproni.

“Dada, kama umeamua kuuza samaki niambie, tusigombanie wateja.”

“Ni joto tu, Mama Duri.”

“Joto gani, na mimi nimevaa soksi mbili?” Kisha akapunguza sauti. “Samaki akioza nanuka naye siku nzima, wala sijali. Hii si harufu ya samaki.”

*

Likawadia tambiko la kumkumbuka Baba Boram. Jua lilikuwa halijazama vizuri Mama Boram alipopanga meza: samaki mzima, mapeazi yaliyokatwa kichwa, nyama, wali uliojaa bakuli. Nyuma ya meza alisimamisha karatasi yenye jina la marehemu, mlango wa nje akauacha wazi kidogo ili aingie, kijiko akakisimika katikati ya wali. Kisha, kama ada inavyotaka, walitoka chumbani wakafunga, ili marehemu ale bila kutazamwa. Na Mama Boram alisimama kizani ukumbini ameinamisha kichwa, akimsikia binti yake nyuma yake, au akidhani anamsikia, kwa maana kulikuwa na pumzi, pumzi ile ya majimaji, na ilimchukua muda kutambua kwamba haikutoka nyuma yake bali ilitoka mbele, ndani ya chumba alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe, nayo ilikuwa ikienda mbio, ikivuta na kuvuta, huku vyombo vikigongana taratibu na uvundo ukipenya chini ya mlango, mzito, mtamu, mithili ya nyama iliyosahauliwa mfukoni mwa koti wakati wa kiangazi. Alikohoa, kama anavyokohoa mwenye nyumba kabla ya kuufungua mlango wa anayekula.

Ndani, mtu alimjibu kwa kikohozi. Kilikuwa cha mtu mzima, kikavu. Hakikuwa cha mumewe.

Alifungua. Boram alikuwa amepiga magoti amelalia meza, pua imezama kwenye wali. Samaki alikuwa ameyeyuka akabaki miiba, mapeazi yamekuwa maji ya kahawia, na karatasi ya jina la baba yake ilikuwa imeloa ute mpaka wino umeteremka na jina halisomeki tena. Boram aliinua uso. Alizungumza kwa utulivu, kama mtu anayepokea wageni kwake.

“Yule mwingine yuko pale mlangoni. Mwambie aende zake. Hakuna kilichobaki.”

Mlango wa nje, uliokuwa wazi kidogo, ukajifunga polepole.

*

Mganga wa kike aliyeitwa alikaa chini ya mlima Inwang. Alifika amevaa suti ya michezo, kengele zake amezitia kwenye mfuko wa dukani. Hakuuliza mengi. Alinusa hewa ya ukumbini, akafunika mdomo kwa kiganja.

“Nani huyu mliyemleta?”

Mama Boram akamweleza ya pakiti.

“Mfu hatafuni,” alisema mganga. “Mfu hula kwa harufu, ndiyo sababu mnamwekea wali wa moto. Asiye na wa kumwekea huzunguka milangoni mwa watu, na cha kunusia hana. Nyinyi mmempa pua.”

“Nimpikie nini ashibe?”

“Ungelijua jina lake, ungempikia mara moja kwa mwaka. Jina hujui. Atakula kila siku, na mumeo atalala njaa. Mtoeni.”

“Usaili ni mwezi ujao,” alisema Boram. Macho yake hayakuondoka kwenye kioo. “Nikitoa, ncha itanywea. Nitakuwa kama nguruwe.”

“Baba yako amefungiwa nje ya nyumba yake,” alisema Mama Boram.

“Baba amekufa, Mama. Mimi ndiye ninayetafuta kazi.”

Mama Boram hakumpiga. Aliifuta karatasi iliyoloa, akaikunja, akaiweka mapajani mwa binti yake. Boram aliitazama kwa muda mrefu. Ute ulikuwa bado haujakauka.

“Haya,” alisema.

Daktari Pyo alikitoa kipande, akasema ni usaha tu. Mama Boram akaomba kukiona. Kilikuwa kwenye kisahani cha chuma, kimevimba, chepesi kubonyea, na upande mmoja kilikuwa kimeota vitundu viwili. Muuguzi alikuwa ameweka kikombe cha chai karibu. Mvuke wake ulikuwa ukielekea kisahanini. Wakakizika mlimani ndani ya bakuli la wali, mganga akitikisa kengele na kumimina pombe ya mchele. “Mgeni, kula, ondoka,” alisema, “hapa hatukujui.” Walipogeuka, hewa ilinuka misonobari, na Mama Boram akainusa mpaka machozi yakamtoka.

*

Pua ya Boram ikanywea, kama ilivyosemwa. Ncha ilivutwa juu, matundu yakatazama watu, na barakoa haikumtoka usoni hata akiwa nyumbani. Usaili ukampita. Mama alijitolea ubavu wake mwenyewe, daktari akamwambia gegedu la umri wake limekwisha kuwa mfupa.

“Basi na wakate langu,” alisema Boram hatimaye. “Kovu si kitu.”

Mama Boram alilia kwa shukrani. Safari hii Boram hakutaka kusindikizwa. Alikwenda na rafiki, akarudi na gamba puani na bendeji kubwa kifuani. Mama alipika tena uji wa boga. Boram aliula wote kwa kijiko, bakuli likabaki safi. Dukani figili zilikaa salama. Katika usaili uliofuata alikubaliwa, na Mama Duri akaleta samaki wa pongezi, akisema kwamba akipanda ndege atataka kiti cha dirishani na mhudumu mwenye adabu.

Kabla ya Boram kuanza kazi, walikwenda kuoga pamoja katika nyumba ya kuogea ya mtaani, kama walivyofanya tangu akiwa mdogo. Walijiloweka kwenye bwawa la moto, kisha Boram akaketi kwenye kigoda, na mama akavaa kitambaa cha kusugulia mkononi. Alisugua mgongo. Uchafu ulitoka kwa nyuzi za kijivu, ukaviringika, ukaanguka sakafuni na kuchukuliwa na maji. Alisugua shingo na mabega, akafika kifuani. Alimwinua mkono. Akainua titi, taratibu, asije akaliumiza kovu bichi.

Ngozi ilikuwa laini. Akatafuta upande wa pili. Ilikuwa laini vilevile, kama siku aliyomzaa.

Mkono wake ulisimama.

“Boram.”

“Usikasirike, Mama.”

“Uji uliula mwenyewe. Nilikuona.”

“Nilikuwa nikiumwaga kwenye mfuko wa plastiki kila ulipogeuka.” Boram alizungumza kwa upole, mgongo ameupa mama yake. “Yule wa kwanza alikuwa na njaa mno, hakuwa na adabu. Hawa nimewaambia wasubiri. Nikianza kazi watakula vizuri, ndege nzima, trei kwa trei.”

“Hawa?” alinong’ona Mama Boram.

“Pua ilikuwa imeharibika sana. Kipande kimoja hakikutosha.”

Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake waliokuwa wakicheka na kumwagiana maji, na mvuke ulikuwa umetanda juu yao mpaka darini. Mama Boram aliinua macho akauona ukianza kutembea. Ulitoka juu ya bwawa, ukatoka juu ya vichwa vya vikongwe na vitoto, ukaja kwa nyuzi nyembamba zisizohesabika kuelekea kigoda chao. Na katika kimya cha masikio yake alisikia pumzi za majimaji zikivuta, hii ikipokea ile, kisha kikohozi kikavu, kisha kingine cha mwanamke, kisha kidogo sana, cha mtoto.