Kufuli la Yeremia

Mita tisini chini ya Dodoma, nyungunyungu wa chuma alikuwa anakula udongo, na huko juu hakuna aliyejali. Mama lishe aliyekuwa akikaanga chapati kando ya barabara aliona chai ikitetemeka kwenye glasi za wateja wake, akangoja itulie, akageuza chapati. Watu wa mwaka 2131 walikwisha kuzoea. Nyungunyungu huyo alikuwa mrefu kama basi, mnene kama pipa la mafuta. Kinywani alikuwa na meno ya almasi, tumboni alikuwa na tanuru, na kule nyuma alitoa bomba jipya, zima, lisilo na kiungo hata kimoja. Mafundi walikuwa na neno lao la kueleza jinsi bomba lile lilivyotoka, lakini si neno la kuandikwa kitabuni.

Saa nne asubuhi akafika mwisho. Kwenye kioo kikubwa cha ofisi ya Idara ya Maji ya Chini, mstari wa buluu ulioelekea mtaa wa Chikoleni ulikamilika, na wafanyakazi wa zamu wakapiga makofi. Kwa miezi kumi na minne mtaa ule ulikuwa haujaona maji ya bomba. Sasa kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa valvu moja, na valvu ile ilikuwa na kufuli.

Makofi yakafifia. Wote wakamtazama Perisi Chidosa.

Perisi alikuwa fundi bomba wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Ndiye aliyewafundisha wengi wao usalama kazini. Spana ya bomba huvutwa, haisukumwi, maana ikiteleza huku unasukuma utaacha meno yako ukutani. Patasi iliyochanua kichwa kama uyoga hutupwa, hata kama ni ya marehemu babu yako. Grinda haiwashwi bila kinga yake. Na juu ya yote, kufuli. Waliomwogopa walimwita Mama Kanuni, na aliyeanzisha jina hilo ndiye mwenye kufuli lile.

"Mimi sijasema kitu," akasema Perisi, ingawa hakuna aliyemwuliza. Akachukua kikombe chake cha chai akatoka nje.

Habari ya kufuli ni hivi. Maji ya Dodoma hutoka mbali na huja kwa nguvu ya kumng'oa mtu miguu. Akitokea mtu akayafungulia huku wewe uko ndani ya njia yake, hakuna atakayekuokota. Kwa hiyo fundi hashuki kabla hajafunga valvu inayomlinda na kuitia kufuli-kiganja lake. Kufuli hilo halina ufunguo. Hufunguka kwa kiganja cha mwenyewe, kiganja kitupu chenye damu inayotembea. Lina taa ndogo nyekundu inayosikiliza mkanda aliojifunga kiunoni, nayo huwaka tangu anaposhuka mpaka mkanda ule upite tena mlangoni. Wakishuka wawili, makufuli mawili. Anayetoka hutoka na lake. Kugusa la mwenzako kwa kiganja kitupu ni mwiko, na kuingiza kiganja cha mtu mwingine kwenye kufuli lako ni kosa la kufukuzwa siku hiyohiyo, kwa sababu anayeweza kufungua kufuli lako anaweza kukuua, hata kwa kusahau tu.

Hata hivyo huko stoo ilikuwepo minong'ono. Ilisemwa kwamba wapo mafundi waliolitenda kosa hilo makusudi, mara moja maishani, kwa ajili ya mtu mmoja. Perisi aliwahi kuwatoa darasani wanafunzi wawili kwa kuchekea habari hiyo.

Na mwenyewe asiporudi? Basi kufuli halikatwi ila na mwenzake wa zamu, kwa msumeno wa mkono, mbele ya shahidi, baada ya kumwita jina mara tatu na kutamka kwamba hayumo. Si meneja, si waziri, si mama mzazi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakuwa mafundi bomba.

Kwa miaka kumi na mmoja, mwenzake wa zamu wa Yeremia Mahinyila alikuwa Perisi.

Hawakuwa mume na mke. Hawakuwa chochote chenye jina. Perisi aliachika zamani na hakutaka tena maneno. Yeremia hakuoa, na akiulizwa alisema anasubiri kanuni itoke. Perisi alijua vizuri kanuni hiyo ilipaswa kutolewa na nani. Kila mwaka alijiambia ataitoa mwaka ujao. Wakati huo walikula karanga pamoja mlangoni pa chemba, walipeana zamu ya kubeba mkoba wa vifaa, walijuana kikohozi. Siku moja wakila hizo karanga, Yeremia alimrushia kufuli lake ghafla. "Daka!" Perisi akadaka kwa kiganja kitupu, na kufuli likalia ti-ti, mara mbili. Alimfokea mpaka karanga zikaisha. "Betri hiyo," Yeremia akasema huku akicheka. "Betri inakwisha, Mama Kanuni."

Kisha ikaja siku ya Njia ya Tisa, njia ya chini iliyopeleka maji Chikoleni. Kulikuwa na kipande cha bomba la kale kule chini, chuma cha enzi za mababu, ambacho nyungunyungu hakukiweza. Kwenye chuma meno yake yalikwaruza tu, kwa hiyo sehemu kama hizo walishuka watu. Walishuka wawili, wakatia makufuli mawili. Walipofika, Yeremia akatoa grinda mkobani, na grinda haikuwa na kinga. Aliisahau juu, mezani.

"Mkato mmoja tu," alisema. "Dakika mbili, tumemaliza, tunakwenda zetu."

"Bila kinga hukati."

"Dakika mbili, Perisi."

"Diski ikipasuka itakupasua na wewe. Kaa hapo. Naifuata."

Yeremia akakaa juu ya bomba, mtiifu kama mwanafunzi, akasema, "Basi nenda, ila urudi." Perisi akapanda, akafungua kufuli lake kama inavyotakiwa, akaichukua kinga mezani. Alikuwa ameishika mkononi wakati ardhi ilipotikisika. Tetemeko lilichukua nusu dakika, na Njia ya Tisa ikajaa mawe mwanzo hadi mwisho. Nyungunyungu watatu walichimba siku arobaini. Walimletea Perisi spana ya Yeremia tu.

Waliokuja kuchunguza walisema kanuni ilimwokoa Perisi. Walisema kweli. Lakini angemwachia Yeremia zile dakika mbili, huenda wangetoka wote wawili, na wazo hilo halikumwacha. Msibani alikaa nyuma pamoja na watu wa kazini, na hakuna aliyemwambia pole, maana pole ingempa jina asilokuwa nalo. Kitu pekee alichobaki nacho kwa Yeremia ni ile haki ya kulikata kufuli lake. Alijua kwamba akilikata hatabaki na kitu. Kwa hiyo hakulikata.

Nje ya ofisi, kwenye benchi, alikuwa amekaa Bibi Damari, mama yake Yeremia. Pembeni yake kulikuwa na kitoroli chenye ndoo mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia makofi."

Perisi akaketi. "Wamekutuma kwangu?"

"Nani wa kunituma mimi? Miguu hii ndiyo imenituma, na yenyewe imechoka." Bibi akanyoosha magoti yake. "Miezi kumi na minne napanga foleni kwenye gari la maji. Wengine wananipisha kwa sababu ni mama yake, wengine wananitazama vibaya kwa sababu hiyohiyo. Zahanati wanawaogesha watoto wachanga kwa maji ya kopo. Mwanangu hakuwa mtu wa kumnyima mtu maji. Sasa wewe unamfanya awe."

"Taa bado inawaka, mama."

"Taa inajua nini?"

Taa ilijua jambo moja tu, kwamba Yeremia hajatoka.

"Mimi nilikwisha kumlilia," Bibi Damari akaendelea. "Nikaanua matanga. Wewe hujalia."

"Mimi nilikuwa mfanyakazi mwenzake tu."

"Nani kakwambia mimi sina macho?" Bibi akamshika mkono, akaukalisha kwenye paja lake kama mtu anayeokota kitu chake. "Pole, mwanangu. Hiyo pole ilikuwa yako siku nyingi. Sasa nenda ukamfungue mtoto wangu."

Saa sita mchana Perisi alishuka kwenye chemba ya valvu, na shahidi wake alikuwa Mzee Kapama, fundi aliyebakiza miezi mitatu kustaafu na ambaye hakuwa na haraka hata ya hilo. Chemba ilikuwa na ukubwa wa jiko la nyumba ya kupanga. Katikati ilisimama valvu, na kwenye mkono wa valvu lilining'inia kufuli la Yeremia, na taa yake nyekundu iliwaka.

Perisi alifanya yote kama anavyofundisha. Alivaa miwani. Alivaa glavu. Alitia wembe mpya kwenye msumeno, akahakikisha meno yanatazama mbele, akaukaza, akaupiga kidole ukalia vizuri. Mzee Kapama akashika ubao wa fomu.

"Yeremia Mahinyila!" Perisi akaita. Alimwita kama walivyoitana kazini, kwa sauti ya kushinda mashine.

Mzee Kapama akahesabu kumi kimoyomoyo, kama fomu ilivyotaka.

"Yeremia Mahinyila."

Kumi tena.

Mara ya tatu akasema, "Yeremia," basi. Jina la ukoo halikutoka.

"Sasa tamka, dada," Mzee Kapama akasema taratibu.

Perisi akafungua kinywa. Maneno yalikuwa matatu tu, na aliyafundisha kwa miaka. Badala ya kuyasema akaweka msumeno chini, akavua glavu ya mkono wa kulia.

"Dada. Glavu."

"Najua."

Alitaka tu kukigusa kitu alichokigusa Yeremia mwisho. Hakuna kanuni iliyomruhusu, na kwa mara ya kwanza maishani hakujali. Akalizungushia kufuli kiganja chake. Lilikuwa la baridi.

Kufuli likalia ti-ti. Taa nyekundu ikazimika, na kufuli likafunguka.

Perisi alibaki amelishika. Akazikumbuka karanga. Akakumbuka "Daka!" na jinsi alivyofoka, na jinsi Yeremia alivyocheka kwa furaha isiyolingana na mzaha wenyewe. Hakuwa amerusha kufuli tu; siku ile alikiingiza kiganja cha Perisi ndani yake. Alikuwa amempa pumzi yake ashike, kisha akamwambia ni betri. Kanuni aliyosema anaisubiri aliitoa mwenyewe siku ile, na yeye Perisi akaijibu kwa kufoka.

"Mjinga wewe," akasema. "Mjinga wewe, Yeremia. Si ungesema?" Akaegemeza paji la uso kwenye chuma cha valvu akalia, kilio cha miezi kumi na minne, mpaka miwani ya kinga ikajaa ukungu.

Mzee Kapama alikuwa amegeukia ukuta. Alisoma fomu aliyokwisha kuijua kwa moyo, mstari kwa mstari.

"Hapa wanauliza," akasema hatimaye, bila kugeuka, "kufuli limetolewa kwa njia gani."

Perisi akafuta uso kwa mkono wa ovaroli. Alijua jibu la kweli lingefanya nini. Jina la Yeremia lingeondolewa kwenye ukuta wa waliofia kazini, na picha yake ingepelekwa darasani iwe mfano wa kosa. Na mwalimu wa darasa lile alikuwa yeye.

"Wewe umeandika nini, mzee?"

"Mimi nimeandika msumeno. Macho yangu ya uzee hayajaona kingine." Akakohoa. "Ila stoo watataka kuliona."

Perisi akasafisha miwani, akaivaa. Akavaa glavu. Akalibana kufuli lililo wazi kwenye jiliwa la mkoba wa vifaa, akasimama mguu mmoja mbele, akaanza kukata. Alikata kwa mikono miwili, akisukuma kwa nguvu na kurudisha kwa upole, bila haraka, maana wembe ukikimbizwa huvunjika. Unga wa chuma ukamwagika kwenye buti zake. Kipande kilipodondoka, akaunyoosha mgongo wake.

"Mwenye kufuli hayumo," akasema.

Mzee Kapama akaweka sahihi.

Kisha Perisi akaishika spana, akasimama kando ya valvu, si mbele yake, akaivuta kuelekea kwake. Robo mzunguko. Akangoja hewa itoke. Robo nyingine. Maji yakaanza kunguruma mbali, yakaja, yakapita chini ya miguu yao kuelekea Chikoleni, na chemba nzima ikatetemeka. Walisimama wakiyasikiliza. Huko juu, kwenye nyumba fulani, koki iliyosahauliwa wazi kwa miezi kumi na minne labda ilikuwa inatapika kutu mbele ya kikongwe mwenye ndoo mbili.

Mzee Kapama akafungua mfuko wa stoo. Perisi akavua glavu, akaviokota vipande. Cha kwanza kikaingia. Cha pili, chenye mwili wa kufuli, alikifunika kidogo kwa kiganja kabla ya kukitumbukiza.

Ti-ti.

Mzee Kapama akamtazama. "Nini hicho?"

"Betri," Perisi akasema. "Betri inakwisha."