Waliobaki Mwaloni Wakati wa Mbalamwezi

Kila asubuhi ya likizo, Evaline alifagia uwanja, akanywa uji wake, kisha akamfuata mama yake mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia dagaa. Walikaa Mwamgongo, kijiji cha ufukweni mwa ziwa ambako ukitaka kwenda Kigoma mjini unapanda boti. Kazi yake ilikuwa kugeuza dagaa juu ya chanja na kuwafukuza kunguru. Kunguru wa mwalo ule, kwa wizi, Mwenyezi Mungu ndiye anayewajua!

Chanja za mama yake, Melania, zilipakana na za Bwana Urbanus, wakala aliyekusanya dagaa wa mwalo mzima na kuwauza kwa kampuni moja ya mjini. Kwa Urbanus alifanya kazi Shadia, msichana wa miaka kumi na mitano. Yeye na Evaline walizoeana kwa utani tu, huyu akimcheka mwenzake jinsi anavyowarushia kunguru mawe.

Wiki ile mwezi ulikuwa umejaa. Wakati wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa za wavuvi, kwa hiyo wavuvi huvuta maboti nchi kavu na vibarua huenda makwao kupumzika. Vibarua wa Urbanus nao waliondoka. Shadia na wasichana wenzake wawili tu ndio waliobaki.

"Mbona wewe huendi kwenu Kidahwe?" Evaline alimuuliza.

Shadia alitazama nyuma kwanza. "Siruhusiwi," alinong'ona. "Bosi alimwambia mama ananipeleka mjini kujifunza kushona. Mama mpaka leo anajua niko kwenye cherehani. Simu yangu kaichukua, na usiku anatufungia ghalani. Sasa kasema mgeni wa kampuni anayekuja kesho akishaondoka, atatuvusha ng'ambo, Kongo. Eva, nikivushwa huko mama atanipata wapi?"

Evaline alipoinua macho, Urbanus alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, mikono nyuma, anatabasamu.

"Shadia, ingia ndani," alisema. Shadia akaenda mbio bila kugeuka. Urbanus akainama karibu na sikio la Evaline. "Wewe mtoto wa Melania, nisikilize vizuri. Mkinipaka matope, kampuni haitanunua hata kiganja cha dagaa kutoka mwalo huu. Mama yako atawauzia nani? Kunguru?"

Jamani, nyumbani mtoto hakugusa hata ugali! Mwishowe alimweleza mama yake yote, huku machozi yakimtoka. Melania aliweka mwiko chini, akafunga mlango kwanza.

"Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana, mama."

"Basi nyamaza. Yule mtu ana mkono mrefu. Sisi ni akina nani?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililomwogopesha Evaline kuliko maneno ya Urbanus. Alikuwa amezoea mama asiyeogopa kitu.

Kesho yake boti la kampuni lilitia nanga. Alishuka dada mmoja mwenye jaketi la kujiokolea, jina lake Yasmini. Alitumwa na kampuni kukagua jinsi dagaa inaowanunua wanavyoandaliwa, na watu wanaowaandaa wanavyoishi. Mtendaji wa kijiji, Mzee Thobias, alimpokea.

"Mwakeye!" Yasmini aliwasalimu watu kwa Kiha cha kubabaisha, wakacheka kidogo.

Urbanus hakumwachia nafasi. Kila alipogeuka, yupo. Akimuuliza mama mmoja swali, Urbanus anajibu. Akitaka kuketi, Urbanus analeta kiti na soda.

"Wafanyakazi wako wako wapi?" Yasmini aliuliza.

"Wote wameenda kwao, dada yangu. Si unaona ni mbalamwezi? Hii ndiyo likizo yetu."

"Na ghala lile lina nini?"

"Nyavu na chumvi. Ufunguo anao kijana wangu, amekwenda mjini."

Yasmini aliitikia kwa kichwa, akaanza kuelekea kwenye boti. Evaline alimwona akivaa tena jaketi lake. Mama alimbana mkono kwa nguvu. Urbanus naye alikuwa akimtazama yeye tu, bila kupepesa.

Evaline akawaza juu ya Shadia akivushwa ng'ambo. Akauchomoa mkono wake.

"Anti! Usiondoke!" Sauti ilitoka nyembamba. "Ghalani mna watu."

Watu wote mwaloni wakageuka.

"Hee! Mtoto mwongo huyu," Urbanus alicheka. "Mama yake ananionea wivu wa biashara."

Evaline alikimbilia ghala, akagonga bati. "Shadia! Shadia!"

Hakuna aliyejibu. Urbanus akapanua mikono kuwaonyesha watu, mnaona? Evaline alitamani ardhi immeze.

"Shadia, ni mimi, Eva," alisema, sasa akilia. "Mgeni bado yuko hapa. Mtendaji yuko. Na mimi siondoki."

Ndipo bati likagongwa kutoka ndani, polepole, halafu kwa fujo.

Mzee Thobias hakusubiri ufunguo. Alivunja kufuli kwa jiwe. Wasichana watatu wakatoka wakikinga macho na jua, nguo zimelowa jasho. Shadia alimkumbatia Evaline, hakumwachia.

Urbanus alikuwa tayari ufukweni, ameshika boti lake. "Sukumeni!" aliwapigia kelele wavuvi. "Nasema sukumeni!" Lakini boti lililovutwa nchi kavu halishuki majini kwa mikono ya mtu mmoja. Wavuvi walibaki wamesimama. Hakuna aliyenyoosha mkono. Alisukuma peke yake, miguu ikizama mchangani, mpaka Mzee Thobias na mgambo walipomshika. Alasiri polisi wakaja kumchukua.

Melania alimwendea Yasmini, kichwa chini. "Sasa mtaacha kununua dagaa wetu?"

"Tukikimbia, mama, tutakuwa tumewaadhibu ninyi kwa kosa lake. Tutanunua, ila moja kwa moja kwenu. Na kuanzia leo tutazungumza na wafanyakazi wenyewe, bosi akiwa mbali. Kosa hilo ni letu. Tulikuwa tunamuuliza yeye tu."

Kisha Yasmini akachuchumaa mbele ya Evaline.

"Anti, niliogopa sana."

"Najua. Nami niliogopa niliposikia lile bati. Sikiliza, mwanangu, na uwaambie wenzako shuleni. Mtu akikuahidi kazi au masomo mbali na kwenu, akakuchukulia simu, akakukataza kuondoka, huyo anakufanya mtumwa, hata kama hakuna mnyororo. Usilibebe jambo hilo peke yako. Mwambie mtu mzima. Akinyamaza, mwambie mwingine, na mwingine, mpaka apatikane wa kusikia."

Melania alisikia neno lile, *akinyamaza*, akajifuta macho kwa upande wa kanga. Akachukua simu yake, akampa Shadia.

"Namba ya mama yako unaikumbuka?"

Shadia alibonyeza bila kusita. Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa.

"Mama," alisema, "sijajifunza kushona. Naomba nije nyumbani."