Shamba Lina Mtu

Jua lilikuwa linazama shangazi Mwanabibi aliponituma nikamwite Warda aje kula. Wali ulishaiva. Maji ya mtoni yalishaanza kupwa, na Hemedy mwenye boti alisema yakiisha mferejini hatutoki Kiongoroni mpaka kesho.

Warda ni mtoto wa baba mdogo, kazaliwa Maskati. Alikuja likizo ya mwezi mzima, na katikati yake aliambiwa achague matembezi ya siku moja. Mafia akaone papa potwe, au huku deltani akamsalimie shangazi. Sote tulijua atachagua Mafia. Tumefika Nyamisati, boti ya Mafia inanguruma pale, yeye akasema, "Papa nitawaona kwenye simu, kaka Ridhi. Nataka kupanda ile nyumba ya miguu mirefu."

Alimaanisha dungu. Kibanda juu ya nguzo, katikati ya mpunga. Mtu anaishi humo mpaka mavuno, mchana anafukuza ndege kwa kombeo la matope, usiku nguruwe. Baba mdogo hakupenda. Aliniambia kwenye simu, "Umempeleka wewe, umrudishe wewe."

Sasa, huku deltani giza likianza kuingia, madungu yanaulizana. Mmoja anapaza sauti, "Shamba lina mtu?" Jirani anajibu, "Lina mtu," halafu naye anamuuliza wa mbele yake. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Usipojibu, watu wanakuja na mapanga kuangalia umepatwa na nini. Dungu moja tu linarukwa. La Mzee Twalibu. Alifia humo humo, kombeo mkononi, na dungu la aliyefia zamuni halivunjwi wala halipandwi. Linaachwa lianguke lenyewe. Mtoto wa chekechea anajua. Warda hakuna aliyemwambia. Nani angefikiria?

Nilikuwa juu ya tuta sauti zilipoanza. Zikaja, zikaja, shangazi akajibu yake. Kimya.

Halafu upande wa mikokoni...

"Shamba lina mtu?"

Kule hakuna dungu. Kuna mikoko na tope la kumeza mtu mpaka kiunoni.

Warda akajibu. Anacheka kabisa.

"Lina mtu."

Vyura wakanyamaza. Wote kwa pamoja.

Nilikimbia. Nikamkuta juu ya dungu la Mzee Twalibu, kanipa mgongo, kombeo linazunguka mkononi. Fyuu... fyuu... Asubuhi nilimfundisha kurusha akashindwa, tope likamrudia usoni tukacheka. Sasa alikuwa anazungusha kama kazaliwa nalo.

"Sista, shuka. Chakula."

"Zamu haijaisha."

"Zamu ya nani?"

"Taratibu. Utawashtua."

"Kina nani?"

Akanyoosha kidole. Mpunga ulikuwa unainama. Upepo hakuna. Ulikuwa unainama mstari mmoja, mwembamba, unakuja kwetu. Warda akarusha. Tope likapiga kitu mle ndani. Nguruwe akipigwa anaguna, nawajua.

Hicho kilikohoa.

Ikanijia harufu ya karafuu maiti. Nikapanda ngazi, nikamshika mkono nimvute. Baridi. Mzito kama gogo la mkoko lililolala majini. Haukutikisika.

Shangazi alifika anahema.

"Nani kajibu?"

"Yeye."

"Kaulizwa na nani?"

Nikaonyesha mikokoni. Huko mferejini Hemedy anaita, "Ridhi, maji yanakwenda, boti inalala hii."

"Acha kumvuta," shangazi alisema. "Zamu haivutwi. Inapokewa."

Nikaelewa. Nikapeleka mkono kwenye kombeo. Shangazi akanivuta kisigino.

"Shuka. Huyu kakabidhiwa nani?"

"Mimi."

"Basi ukibaki wewe atamrudisha nani? Hemedy? Hemedy hata mkewe kamsahau Nyamisati."

Akakaza kanga kiunoni, akapanda. Mpole tu, kama anayekwenda kuanika nguo. Akashika kombeo juu ya mkono wa Warda.

"Nimepokea," akasema.

Warda akaniangukia kama gunia. Akafumbua macho. "Kaka Ridhi, wali umeiva?"

Shangazi alishageuka, ametupa mgongo. "Nendeni," alinong'ona. "Atakuja mtu kunipokea. Na ule wali msiuache ukaungua."

Fyuu... fyuu...

Tulitoka boti inakwangua tope. Nyuma yetu nikasikia swali lile kutoka mikokoni, na sauti ya shangazi ikilijibu. Hemedy aliongeza moto kwenye injini, hakugeuka.

Warda alikwenda Unguja, akarudi kwao Maskati. Juzi kanitumia sauti kwenye simu. Anasema alizunguka kote, lakini ile safari ndogo ndiyo iliyonoga. Halafu akauliza, "Yule mzee aliyenisogezea mkeka kule juu hajambo? Mbona hamkumwita kula?"

Kule juu mimi nilimwona Warda peke yake.

Mpunga umeshavunwa. Watu wote wameshuka, madungu yapo tupu. Shangazi hajashuka. Ndugu walikwenda na shekhe, wakasoma mpaka sauti zikakauka, hakugeuka. Wanaume wakajaribu kumbeba, wakashindwa. Kupokea kombeo, kila mmoja alimwangalia mwenzake. Hemedy anampelekea chakula, anakikuta vile vile. Mara ya mwisho shangazi kaongea. Kamwambia, "Mwambie Ridhi mkono umechoka."

Mama hataki hata jina la Kiongoroni litajwe hapa nyumbani. Baba hajaniambia niende, wala hajaniambia nisiende. Shangazi ni dada yake wa pekee, tumbo moja.

Leo jioni Baba karudi kutoka sokoni Kibiti na gambuti mpya, namba yangu. Kaziweka mlangoni pa chumba changu, kaenda kuswali.

Hajasema ni za nini.