Helmeti ya Namba Saba

Uligeuza macho. Usibishe. Kijana alipoinuka kwenye nyasi akiyumba, akaelekea kwa wapinzani kana kwamba ndiko kwao, wewe ulikuwa unaangalia mkeka wako wa kubeti kama bado uko hai. Basi leo utatazama.

Mzee Cleophus Gaines alilala chali katika chumba cha vifaa cha timu ngeni, kisogo kimepasukia kwenye kona ya meza ya chuma. Kando yake, kapu la taulo chafu lilikuwa limepinduliwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Nje, kwenye maegesho, maelfu walikuwa wanachoma mbavu za nguruwe wakisubiri saa sita, mechi ya kufungua msimu wa mpira wa Kimarekani.

Inspekta Odessa Tarpley alichuchumaa. Maiti alikuwa ameziona nyingi, lakini huyu ndiye aliyemlea. Cleo alikuwa tabibu wa timu ya Bellwood, chuo kidogo cha Wamarekani Weusi ambako Odessa alipuliza trombone ujanani. Kila mwaka chuo kikuu cha jiji hili kiliilipa Bellwood ije kupigwa mbele ya watu elfu tisini. Hela hiyo ndiyo iliyowasha taa za mabweni. Nao walikuja, wakapigwa.

Mwaka 1988 pekee ndipo walipofungwa kwa pointi tatu tu. Tatu! Bendi ilipiga mpaka midomo ikavimba, kina mama wakacheza juu ya boneti za magari. Mpita njia angedhani wameshinda. Aliyedaka mpira wa mwisho siku ile, Rozell Mims, ndiye sasa kocha wa Bellwood.

Msimu huohuo Thaddeus, kaka yake Odessa aliyeichezea Bellwood, aligongwa kichwa. Cleo akaificha helmeti yake chini ya taulo chafu, tena akang'oa sponji za mashavuni akazitia mfukoni, ili hata ikionekana isivalike. Thaddeus alilia, akamtukana.

"Nitukane vizuri, mwanangu," Cleo alimwambia. "Ukikosea tusi moja, najua hujapona."

Odessa alimgeukia mtaalamu wa uchunguzi wa maiti. "Mfukoni kuna nini?"

"Sponji mbili, Inspekta. Zimeandikwa saba."

"Amekufa lini?"

"Haijapita saa moja na nusu."

Kocha alikuwa koridoni, anafuta jasho.

"Dess! Umekuja na beji au na trombone?"

"Cleo amekufa, Rozell."

"Nimesikia. Maskini mzee. Moyo, nadhani."

"Kisogo. Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana, kwenye basi."

"Leo hukuingia chumba kile?"

"Hata mlangoni sikufika."

"Namba saba anacheza?"

"Tavarius? Ndiye mrusha mpira wangu. Bila yeye tunazikwa."

"Aligongwa mazoezini?"

"Nani kasema?"

"Nakuuliza wewe."

"Aliyumba kidogo. Cleo akampima, akasema mzima. Alinikabidhi helmeti mwenyewe, kwenye basi."

Tavarius Boykin, miaka kumi na tisa, alikuwa benchini na helmeti kichwani, macho yakikwepa taa.

"Mwanangu, leo siku gani?"

"Alhamisi, mama."

Wenzake hakuna aliyecheka.

Odessa alivaa glavu, akamvua helmeti taratibu. Penye sponji palikuwa pamesokomezwa vipande vya taulo. Kimoja kilikuwa na damu mbichi, na kichwani kwa kijana hapakuwa na jeraha.

"Mfuko wa vielelezo," aliwaambia askari. "Na gari la wagonjwa. Haraka!"

Akarudi koridoni.

"Cleo alikupa helmeti, akabaki na sponji mfukoni? Cleo huyu huyu?"

Rozell aliketi sakafuni.

"Nilibeti, Dess."

"Tufungwe?"

"Tufungwe! Mimi? Niliibetia Bellwood. Kampuni ya kubeti ilitupa pointi arobaini na moja za kuanzia. Tukifungwa kwa arobaini, nimeshinda. Niliweka rehani nyumba ya mama. Dess, unaikumbuka ile siku? Wale kina mama? Nilitaka niwaone tena wanarudi nyumbani wakiimba. Mara moja tu kabla sijafa."

"Na Cleo?"

"Alisimama mbele ya kapu. Hakubanduka. Nikamsukuma."

"Alikufa papo hapo?"



"Alikuwa anapumua. Nikasema nitarudi nikishampa kijana helmeti."

Odessa alimfunga pingu. Alikuwa amecheza na mtu huyu usiku wa 1988, juu ya boneti ya gari la baba yake.

Tavarius alipasuliwa kichwa hospitalini mchana ule. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu. Amepona, ila majina humpotea. Nafasi yake alicheza kijana wa akiba ambaye hakuna aliyemjua. Bellwood ilifungwa kwa pointi thelathini na nane. Mkeka wa Rozell ulishinda.

Sasa wewe. Chuo unachokishangilia kina kocha, na kocha ana mkubwa wake. Mpigie huyo mkubwa leo, kabla ya mechi ijayo. Muulize ni nani mwenye neno la mwisho kijana akigongwa kichwa. Akikwambia ni kocha, usikate tiketi, usibeti hata senti, nenda ukakae mlangoni pake na jirani zako mpaka mamlaka hiyo apewe daktari asiyeweza kufukuzwa na kocha. Msimu umeshaanza. Inuka.